Usiku Saba Hadi London

Ndoa ya susu yangu ilivunjwa na barua iliyofika mapema mno.

Ingechelewa, hakuna ambaye angeshtuka. Barua za zamani zilichelewa na watu walizoea. Lakini hii ilikimbia. Ilitoka London, ng'ambo kabisa, ikatua Nuu, kule Mwingi, kabla mwenyewe hajamaliza hata kuihesabia siku za kwenda.

Susu ni nyanya kwa Kikamba, kwa wale hamjui. Susu yangu aliitwa Nthenya. Hakukanyaga shule hata siku moja. Lakini ukimuuliza kutoka Nairobi mpaka London kwa ndege ni mbali kiasi gani, alikujibu bila kupepesa macho.

"Usiku saba."

Wajukuu tulikuwa tukimcheka. Tunamwambia susu, siku hizi mtu anapanda usiku na asubuhi anakunywa chai kwa wazungu. Anatikisa kichwa.

"Hiyo ni yenu. Yangu ni usiku saba."

Tulidhani ni uzee. Siku aliponipa kisa chenyewe, niliona haya kwa kicheko changu chote cha nyuma.

Nawaletea kama nilivyopewa. Mkiona nimepandwa na hasira mahali, nivumilieni. Huyo jamaa, mume wa susu, ni babu yangu.

Haya.

Mwaka ni 1932. Nthenya ana miaka ishirini, ana binti anayenyonya aitwaye Kalondu, na ana mume, Kiilu. Kiilu anafanya kazi Nairobi, kwenye uwanja wa ndege. Kufyeka nyasi, kuosha ndege, kuzisukuma zikikwama kwenye matope. Kila akirudi Nuu anatembea kifua mbele utadhani ni yeye anayezirusha.

Siku moja akaja na koti jipya na habari.

"Nimechaguliwa," akasema.

"Na nani?"

"Na mzungu wangu. Anarudi kwao na ndege. Anataka mtu wa kumpikia na kumfulia. Nitakaa London mwaka mmoja, labda miwili. Nikirudi tunajenga nyumba ya mabati."

Nthenya hakushughulika na mabati. Aliuliza swali ambalo mwanamke yeyote wa kwao angeuliza.

"Ni usiku ngapi?"

Hapa nieleze kidogo. Babu yake Nthenya alikuwa mtu wa misafara, wale Wakamba waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Mombasa. Kabla hajaondoka alisokota nyuzi mbili, zile za kushonea kiondo, akapiga mafundo sawasawa kwenye zote mbili. Fundo moja kwa kila usiku atakaolala njiani. Uzi mmoja alikwenda nao, mwingine akamwachia mkewe. Kila jioni yeye anafungua fundo moja huko aliko, na mke anafungua moja nyumbani. Fundo la mwisho likifunguka, mke anajua mtu wake amefika. Mombasa ilikuwa mafundo kumi na sita. Hawakujua maili, na hawakupotezana.

"Ni maili zaidi ya elfu tano," Kiilu akamwambia.

"Maili sijui. Niambie ndege inalala mara ngapi."

Kiilu akacheka. Lakini ukweli ni kwamba ndege za wakati huo zililala kweli. Gizani hazikuona njia, zikashuka jioni kama msafara, abiria wakatafutiwa vitanda. Na Kiilu, kwa kukaa uwanjani akisikiliza wakubwa, alijua vituo vyote.

"Usiku wa kwanza Kisumu. Wa pili Juba. Wa tatu Khartoum. Wa nne Wadi Halfa. Wa tano Kairo. Wa sita Athene. Wa saba Brindisi. Siku inayofuata uko London."

"Rudia."

Akarudia. Akaambiwa arudie mara ya tatu, na kwa kila jina Nthenya akapiga fundo kwenye nyuzi mbili. Mafundo saba huku, saba kule. Uzi mmoja akamtilia mumewe kwenye mfuko wa koti kwa mkono wake mwenyewe.

"Usisahau kufungua," akamwambia.

"Nitasahauje?"

Jioni ya saba tangu siku ya kuruka, Nthenya alifungua fundo la mwisho, akamwambia mtoto mgongoni, "Baba amefika." Akalala vizuri.

Barua zikaanza.

Aliyezileta ni Mutunga, rafiki wa Kiilu wa kufa na kuzikana, walitahiriwa pamoja. Mutunga alikuwa utingo wa lori lililotoka Nairobi kupitia Kitui na Mwingi, na mara moja moja lilifika Nuu. Alisema yeye ndiye anayezichukua posta. Zilikuja bila bahasha.

"Bahasha inabaki wapi, shemeji?" Nthenya aliuliza siku ya kwanza.

"Ina picha ya mfalme," Mutunga akajibu. "Picha ya mfalme hairuhusiwi kwenda mashambani. Inarudishwa kwake."

Msicheke. Mwaka ule ungeambiwa nini kuhusu mfalme ukakataa?

Msomaji alikuwa Hemedi, mwenye duka pale Nuu. Wazazi wake walitoka pwani, yeye akazaliwa Mwingi, akaoa huko, akazeeka huko. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alisoma barua za watu kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie, jambo lililomletea heshima.

"Kwa mke wangu Nthenya. Salamu sana. Mimi ni mzima. Huku baridi ni kali hata maji yanageuka mawe. Watu ni wengi kama siafu..."

Habari zilikuwa nzuri. Lakini Nthenya alisubiri mwisho. Kila barua ilimalizika kwa maneno yaleyale.

"Nakuwaza kila jioni jua likizama. Nikila, najiuliza kama na nyinyi mmekula."

"Rudia hapo, Bwana Hemedi."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

Kiilu wa nyumbani hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Nthenya aliona kumbe umbali humfundisha mtu kusema. Barua alizitia kwenye kibuyu kikavu, akakiziba kwa gunzi. Wanawake kisimani wakampa jina, Mke wa London. Alijifanya hapendi.

Barua ya nne ikaja na ombi. Mzungu amemwacha. Sasa anafanya kazi ya kuzoa makaa, na wenye ndege wanataka nauli ndipo wamrudishe. Mpe Mutunga ng'ombe watano, atawauza Nairobi, atashughulikia.

Nthenya hakusita. Alitoa watano, na kati yao alikuwemo Katuku, ng'ombe mweusi mwenye pembe moja iliyovunjika. Katuku alifiwa na mama yake akiwa na siku mbili, na Nthenya ndiye aliyemlea kwa maziwa ya kibuyu. Ukimwita alikuja kama mtu. Siku ile Mutunga alipomswaga, Katuku aligeuka mara mbili njiani, na Nthenya akaingia ndani ili asimwone mara ya tatu.

"Nampeleka amlete baba yako," akamwambia Kalondu.

Baba hakuja. Barua ikasema nauli imepanda, avumilie.

Akavumilia. Ndipo ukame wa 1934 ukaja.

Mvua ilikataa. Nzige wakapita juu ya kile kidogo kilichochipuka. Nuu ikawa vumbi jekundu, visima vikachimbwa mpaka mtu akazama humo mwili mzima na bado akatoka na tope. Nthenya alibaki na ng'ombe watatu na mtoto wa miaka mitatu ambaye tumbo lilikuwa kubwa na miguu myembamba. Maziwa ya ng'ombe mmoja ndiyo yaliyomweka Kalondu hai. Ng'ombe huyo akifa, mtoto anafuata. Hakukuwa na hesabu nyingine.

Shangazi yake Nthenya, ambaye hakuwahi kumwona Kiilu kwa macho, alikuwa ameolewa Kilungu, kule Makueni, milimani. Akatuma neno. Njoo, huku mito bado inatiririka, nyasi zipo.

Shida ilikuwa moja. Ng'ombe wa boma ni wa mume. Mke hahamishi ng'ombe bila neno lake, hata akiwa London. Nthenya alikuwa mtu wa kushika desturi. Akaenda dukani.

"Niandikie, Bwana Hemedi. Mwambie ng'ombe wanakufa na mtoto anakwisha. Mwambie nataka kuwapeleka Kilungu kwa shangazi. Aniruhusu."

Hemedi akaandika. Mutunga akachukua, lori likaondoka. Nthenya akakaa kizingitini kwake na uzi mpya. Lori mpaka Nairobi, usiku mbili. Ndege kwenda, usiku saba. Kurudi, saba. Lori tena, mbili. Jumla kumi na nane, hata kama Kiilu atajibu akiwa amesimama.

Akamtazama mtoto. Akamtazama ng'ombe. Akapiga mafundo kumi na nane.

Alikuwa amefungua matano tu, jioni ya tano, aliposikia lori.

"Mama Kalondu!" Mutunga anaita huku anaruka chini. "Mume amejibu!"

Moyo wa mtu si kitu cha haki. Kitu cha kwanza Nthenya alichosikia ni furaha. Alikimbia dukani na uzi ukiwa bado mkononi, Mutunga nyuma yake. Hemedi akavaa miwani.

"Kwa mke wangu Nthenya. Usiende Kilungu. Nasema usiende kabisa. Huko kuna ugonjwa, ng'ombe wote watakufa. Kaa hapo Nuu na mtoto. Nimekataa. Mimi mume wako, London."

Hemedi akamalizia polepole. "Nakuwaza kila jioni jua likizama. Nikila, najiuliza kama na nyinyi mmekula."

Safari hii Nthenya hakusema rudia. Alikuwa anatazama mkono wake. Mafundo kumi na matatu yalikuwa bado yamefungwa.

"Bwana Hemedi," akasema. "Siku hizi ndege hailali?"

Hemedi akavua miwani.

"Shemeji," Nthenya akamgeukia Mutunga. "Nakuuliza. Ndege siku hizi hailali?"

"Kuna... kuna ndege mpya," Mutunga akasema. "Hiyo inaenda mbio sana."

"Imepitia wapi?"

"Si huko juu."

"Huko juu wapi? Mimi nikuambie. Kisumu. Juba. Khartoum. Wadi Halfa. Kairo. Athene. Brindisi. Hiyo yako imelala wapi?"

Mutunga akafungua mdomo. Jasho lilikuwa limemtoka hata kwenye masikio.

"Labda ilipitia njia ya mkato," akasema.

Wueh. Njia ya mkato! Hata Hemedi, mtu wa adabu zake, alishusha pumzi kwa aibu.

"Basi kama London ni siku tano kwenda na kurudi, si mbali," Nthenya akasema. "Mwambie aje kula kesho."

Mutunga alitoka akisema anakwenda kuangalia maji ya lori. Lori liliondoka bila hata kupakia mizigo.

Hemedi alibaki anapangusa miwani isiyokuwa na vumbi.

"Karatasi hii," akasema mwishowe, "ni ya daftari zile za Wahindi wa Sultan Hamud, hapo kwenye reli ya Mombasa. Mimi mwenyewe ninaziuza. Ziko pale rafuni."

"Umejua tangu lini?"

"Nilishuku tangu barua ya pili, mama. Kushuku si kujua. Ulikuwa ukifurahi sana pale mwisho. Nikasema, mimi ni nani nimvunjie mtu?"

Nthenya alimtazama mzee yule ambaye alimwamini kuliko ndugu.

"Nilitoa ng'ombe watano baada ya hiyo ya pili," akasema. "Ungenivunja mapema, Bwana Hemedi, ningebaki na maziwa."

Susu alisema mtu anayekudanganya unaweza kumlaani ukalala. Anayekuacha udanganywe kwa huruma, huyo humjui umweke wapi.

Asubuhi Nthenya akafunga safari. Alikuwa ameelewa jambo moja. Mtu hakatazi mahali kwa haraka namna ile kama hana kitu mahali hapo.

Mtoto mgongoni, kibuyu cha barua kwenye kiondo, ng'ombe watatu mbele. Alipitia Kitui, akashuka mpaka mto Athi, akavuka pale maji yalipobaki hadi magotini. Ng'ombe mmoja alilala chini ukingoni na hakuamka. Alikaa naye mpaka akakata roho, kisha akaswaga wale wawili. Kila jioni alipiga fundo kwenye uzi. Safari hii hakufungua, alifunga, kwa sababu hakujua ni usiku ngapi.

Alipofika Mbumbuni siku ya soko, mafundo yalikuwa manane. Mwanamke muuza viazi alimpa mtoto kiazi kilichochemshwa, na wakaanza kuzungumza.

"Unaenda Kilungu? Utamkuta Ndege huko."

"Ndege gani?"

"Kuna jamaa tunamwita hivyo. Alifanya kazi kwa uwanja wa ndege Nairobi, sasa hatupumziki. Ndege hivi, ndege vile. Juba, Khartoum, sijui Wadi nini. Ameoa huko mwaka jana, msichana wa misheni. Alitoa mahari ya maana, ng'ombe wazuri wa Kitui."

Nthenya alimshukuru kwa kiazi.

Usiku wa tisa alilala chini ya milima ya Kilungu. Akahesabu mafundo. Tisa. London ilikuwa saba. Kwa miguu yake yeye, mume wake alikuwa mbali kuliko London. Alicheka peke yake pale, akacheka mpaka akalia.

Asubuhi aliufuata mkondo wa maji kwenda kwa shangazi. Kulikuwa na kijani hata macho yakauma. Na kwenye kijani hicho, akinywa maji, palisimama ng'ombe mweusi mwenye pembe moja iliyovunjika. Sikioni alama ya ukoo wao, mikato miwili na nusu.

"Katuku," akaita.

Ng'ombe akainua kichwa, akaja. Akampelekea pua kifuani kama alivyofanya akiwa ndama. Nthenya akamkumbatia shingo.

"Mama, umemjuaje ng'ombe wetu?"

Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi, mtungi kichwani, mimba ya miezi mingi mbele. Alikuwa na sura ya mtu mwema. Hilo ndilo lililomkera susu zaidi, aliniambia. Alitaka kumkuta shetani.

"Wenu?" Nthenya akauliza.

"Ni mahari yangu. Baba aliturudishia huyu mmoja tupate maziwa."

"Unaitwa nani?"

"Syombua. Mke wa Kiilu."

Nthenya alikaa chini kwenye majani. Hakuanguka, alikaa. Akafungua kiondo, akatoa kibuyu, akang'oa gunzi, akamwaga barua zote mapajani.

Syombua alizitazama. Mtungi ukamtoka mkononi ukavunjika.

"Wewe ndiye dada yake," akasema. "Yule wa Nuu. Mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Aliniambia..." Msichana akaokota karatasi moja. "Aliniambia ana dada Nuu ambaye akili ilimwondoka. Anajidhania ni mke wake. Anaamini Kiilu yuko London. Akasema tukimwandikia kwamba yuko London anatulia, tusipoandika anajikatakata. Yeye hajui kuandika. Mimi ndiye niliandika, tangu kabla hajanioa. Hata wale ng'ombe alisema ni wake, dada anamtunzia tu. Niliona ni kazi ya Mungu."

Kalondu aliamka mgongoni, akatoa kichwa. Alikuwa Kiilu mtupu, paji la uso, masikio, kila kitu. Syombua alimtazama mtoto yule kwa muda, kisha akashika tumbo lake mwenyewe.

"Si dada," akasema.

"Si dada," Nthenya akajibu.

Katuku peke yake ndiye aliyekuwa na la kufanya. Alikuwa anakula nyasi.

"Na hapa?" Nthenya aliuliza baadaye sana. Hakujua kusoma, lakini alijua mahali, mstari wa mwisho kabisa. Aliweka kidole. "Hapa pa kuwaza jioni. Alikuambia uandike?"

Syombua akainamisha uso.

"Hapana. Yeye akimaliza yake alikuwa anatoka nje. Nilikuonea huruma. Nikaongeza hayo mimi mwenyewe."

Susu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu aliponihadithia hapo, na bado lilimuuma. Ng'ombe angesamehe. Uongo wa ndege angesamehe. Lakini miaka ile yote alikuwa anaishi kwa maneno mawili matatu, na hata hayo mumewe hakuwa ameyasema.

Kiilu alirudi jioni, jua bado liko. Aliwakuta wanawake wawili uani, wanachambua mbaazi kwenye ungo mmoja. Mtoto amelala, mdomo una povu la maziwa.

Mwongo mzuri hapotezi wakati.

"Nthenya!" akasema, mikono wazi. "Ningekuja kesho kukuchukua! Ndege imenileta juzi tu."

Nthenya hakuinua macho kwenye ungo.

"Ililala wapi?"

Kiilu akamtazama Syombua. Syombua akaendelea kuchambua.

"Nthenya, sikiliza. Mwanaume kuoa wa pili si dhambi. Ni desturi yetu."

"Ni desturi." Sasa aliinua macho. "Na desturi inasema mke wa kwanza aambiwe. Ungeniambia, Kiilu. Haki ya Mungu ningekuja mwenyewe na kibuyu cha pombe ya asali, nimpose huyu kwa mdomo wangu. Ningemswaga Katuku mpaka hapa nikiimba. Wewe ukaona afadhali niwe kichaa. Ukaona afadhali mtoto wako afe na kiu Nuu, ili usione haya Kilungu."

"Nilikuwa nitakuambia."

"Lini?"

Syombua aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na lile koti. Akatia mkono mfukoni, akatoa uzi.

Ulikuwa na mafundo saba. Yote yamebana. Hakuwahi kufungua hata moja, hata la usiku wa kwanza, hata kwa kujifanya.

Nthenya aliuweka kwenye kiganja cha mumewe kama alivyouweka mfukoni siku ile.

"Hujaenda bado," akasema. "Nenda. Ni usiku saba. Kisumu, Juba, njia unaijua kuliko sisi. Ukifika tuandikie. Huyu atanisomea."

Kiilu akamgeukia Syombua. "Wewe nawe? Umtetee huyu, mwanamke wa kukaukia Nuu, uniache mimi?"

"Mimi nimeandika uongo wako kwa mkono wangu," Syombua akasema. "Sina wino tena."

Kiilu aliondoka kabla jua halijazama. Kwenye njia ya kwenda barabara ya Mombasa aliutupa ule uzi majanini. Syombua ndiye aliyeufuata na kuuokota. Wazee wa ukoo walikaa baadaye, wakasema ng'ombe ni wa wanawake wale na watoto wao, na Kiilu akitaka neno aje alisemee mbele yao. Hakuja. Kuna waliosema walimwona Nairobi, wengine Kisumu. London hakufika.

Sasa mlango wa mwisho wa kisa hiki.

Mtoto aliyekuwa tumboni mwa Syombua siku ile alikuwa mvulana. Walimwita Mulei. Ndiye baba yangu. Kwa damu, Nthenya hakuwa nyanya yangu hata kidogo. Aliyenizalia baba ni yule mwingine. Lakini wote wawili tuliwaita susu, boma moja, jiko moja, Kilungu, mpaka uzee. Nilikuwa na miaka kumi na kadhaa kabla sijajua yupi ni wa nani.

Na jioni nyingi nilimsikia Nthenya akimwambia mwenzake, "Nisomee ile." Syombua alijua ni ipi. Alikitoa kibuyu, akafungua karatasi zilizokwisha kuwa za njano, akasoma mwisho tu, sauti ya chini. Mimi mtoto nilidhani ni maombi.

Nthenya alikufa mwaka 1989. Kabla jeneza halijafungwa, Syombua aliomba kalamu. Vidole vilikuwa vimepinda, aliandika kwa nusu saa mistari miwili kwenye karatasi, akaitia jenezani. Hatukuuliza. Sote tulijua maneno.

Mwaka jana kazi ilinipeleka London. Kwenye kiti cha ndege kuna kioo kinachoonyesha safari, kilomita elfu sita na mia nane, mwendo wa saa nane na nusu. Tulipita juu ya Khartoum watu wakila kuku. Uzi wa Kiilu ulikuwa mfukoni mwangu. Niliutoa nikajaribu fundo la kwanza, kwa ajili ya susu. Limekaza kwa miaka tisini. Kucha iliniuma nikaacha.

Kama kuna funzo, chukueni hili. Usipime umbali wa mtu kwa maili. Pima kwa ukweli anaokupa. Anayesema kweli akiwa ng'ambo yuko nawe mezani, na anayekudanganya, hata mkilala kitanda kimoja, hujui amelala wapi. Na ukimjua mtu anadanganywa, mwambie. Usimwonee huruma ya Hemedi.

Nilipofika hotelini nilimpigia mke wangu kabla sijavua viatu.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umekula?"

Nilikaa kitandani na simu sikioni.

"Bado," nikamwambia. "Nyinyi mmekula?"